Vilivyoachwa na Mwenye Nyumba wa Kwanza

(Mhadhara uliotolewa baada ya swala ya Alasiri, Babati Mjini)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mnaosikiliza nyuma ya pazia, maudhui ya leo yameletwa na maswali yenu. Katika mji wetu huu nyumba kongwe zinauzwa na kununuliwa, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, mtu aliyerithi kibanda cha udongo kando ya barabara kuu hujikuta amekalia kiwanja kinachotakiwa na wengi. Mnunuzi huja, nyumba hubomolewa, msingi mpya huchimbwa, na hapo ndipo sururu inapogonga kitu. Huyu hukuta chungu kilichofunikwa kwa kigae chini ya kizingiti. Yule hukuta hirizi ya ngozi imechomekwa juu ya mlango, au rupia mbili tatu za Mjerumani katika tambara lililooza. Mwingine, na hili ndilo zito kuliko yote, hukuta kaburi. Na aliyenunua duka la zamani huweza kukuta sanduku la bati lenye daftari za madeni zilizoandikwa Kigujarati. Swali lao wote ni moja: kitu hiki ni cha nani, nami nikifanyeje?

Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo, kwamba aliyenunua nyumba amenunua kila kilichomo. Fuqahaa hawakulichukulia hivyo. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kwa muda mrefu, amepambanua kitu kimoja kimoja. Nyumba inapouzwa, milango iliyopachikwa imo katika mauzo, ngazi iliyopigiliwa imo, hata jiwe la chini la kusagia lililojengewa limo. Ama ndoo ya kisimani, gurudumu la kamba yake na kitanda, hivyo havimo; ni vya muuzaji, na anayo haki ya kuvifuata. Wakaenda mbali zaidi: mawe yaliyoumbwa ardhini ni ya mnunuzi, lakini mawe yaliyofukiwa na mtu ni ya muuzaji, naye analazimika kuyaondoa na kusawazisha ardhi. Tazameni uangalifu huo. Ikiwa mawe yaliyofukiwa hayakuingia katika bei, fedha iliyofukiwa itaingiaje?

Nanyi mnaijua habari aliyotusimulia Mtume (S.A.W), iliyopokewa na Abu Hurayra na kuthibiti katika Bukhari na Muslim, ya mtu wa umma zilizopita aliyenunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wenye dhahabu. Alimrudia muuzaji na kumwambia achukue dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa, akidai kwamba aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, kila mmoja akiikimbia mali ambayo leo watu wangeitolea mapanga. Mwamuzi akauliza kama wana watoto; huyu alikuwa na kijana wa kiume na yule ana binti. Akaamua waozeshwe, watumie katika mali ile na watoe sadaka. Wanazuoni wamejadili sana kama hukumu ile inatufunga sisi, lakini hakuna aliyejadili adabu ya wale wawili.

Na katika Suratul Kahf, ule ukuta uliokuwa karibu kuanguka ulisimamishwa bila ujira katika mji ambao watu wake walikataa hata kuwakirimu wageni, kwa sababu chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema. Hazina ile haikuwa ya aliyeiona wala ya aliyeukarabati ukuta. Ilikuwa ina wenyewe, na wenyewe walikuwa bado watoto.

Sasa tuingie katika hukumu. Kilichofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na ndani yake mna khumsi, yaani sehemu moja katika tano, hutolewa papo hapo bila kungoja mwaka. Katika madhehebu ya Shafii hilo ni kwa dhahabu na fedha iliyofikia nisabu, nayo kwa vipimo vya leo hukadiriwa kuwa takriban gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Ama kilichokutwa katika ardhi ya mtu hakiwi cha aliyekiona. Ni cha mwenye ardhi akikidai. Akikana, huulizwa aliyemuuzia, na aliyemuuzia huyo, hadi kumfikia wa kwanza aliyeihuisha ardhi. Fundi aliyechimba msingi hana fungu humo zaidi ya ujira wake na ihsani ya mwenye mali. Kitu chenye alama ya Uislamu hakiwi rikazi kabisa, bali ni mali iliyopotea, hutangazwa kama lukata. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari kadhaa za dhahabu, za takriban karne ya 11, nyingi zikiwa na majina ya Kiislamu ya watawala wa mwambao. Sarafu ya namna ile mwanachuoni hawezi kuiita rikazi, hata ikiwa na umri wa miaka 900.

Na kwa kuwa tuko Tanzania, yajueni pia matakwa ya dola. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Asije mtu akavunja sheria hiyo kwa kisingizio cha fiqhi.

Nije kwenye rupia, maana najua vijana wamekaa wanaisubiri. Nchi yetu yote imejaa simulizi za mali ya Mjerumani, na huku kwetu simulizi hizo zina chanzo. Aprili 1916 askari wa farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, waliteremka kutoka upande wa Arusha wakapita Lolkisale na Ufiome, yaani chini ya mlima wetu huu wa Kwaraa, wakaendelea hadi Kondoa Irangi. Wajerumani walirudi nyuma kwa haraka. Kutokana na haraka ile watu wamejenga hoja: aliyekimbia hakuweza kubeba vyote, kwa hiyo amezika. Na juu ya hoja hiyo, mabomba ya kupimia yananunuliwa kwa fedha za mikopo, misingi ya majengo ya kale inatobolewa usiku, na wachimbaji wanaingia katika mashimo yasiyo na nguzo.

Hebu tufikiri. Jeshi lile lilikuwa na dhiki ya fedha kiasi kwamba mwaka 1916 lilipiga sarafu zake lenyewe mjini Tabora, katika karakana ya reli. Heller 20 ilitengenezwa kwa shaba iliyokusanywa, yakiwemo maganda ya makombora, na dhahabu kidogo waliyokuwa nayo ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zisizozidi elfu kumi na kitu. Septemba mwaka huohuo Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji. Watu waliofikia kukusanya maganda ya makombora ili wapate chenji, je, ndio walioacha dhahabu chini ya kila boma na kila mbuyu?

Ama rupia ya fedha ambayo wengi wenu mmeiona, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, ilianza kutolewa mwaka 1890. Uzito wake ni gramu 11.66, na karibu yote ni fedha. Thamani yake ni thamani ya fedha hiyo, ikiongezeka kwa wakusanyaji kulingana na mwaka na hali yake. Haivuti mchele. Narudia, ndugu zangu, fedha haivuti punje ya mchele, wala haitafutwi na matajiri wa ng'ambo kwa mabilioni. Anayekuja na simu yenye video ya rupia inayovuta mchele amekuja kuchukua ng'ombe wako.

Na hapa pana jambo ambalo watafuta hazina hawalifikiri. Rupia ilikuwa fedha ya kila mtu. Kuanzia mwaka 1898 babu zetu walitakiwa kulipa kodi ya nyumba, na rupia ndiyo iliyotakiwa. Wakaenda kuitafuta katika mashamba na katika upagazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Mwingereza, na aliyekuwa ameficha rupia zake chini ya kinu akabaki nazo. Kwa hiyo ukikuta rupia 5 katika tambara ndani ya nyumba uliyonunua kwa mzee wa Kigorowa au wa Kirangi, dhana iliyo karibu na ukweli ni kuwa hiyo ni akiba ya baba au babu yake, jasho la miezi kadhaa. Rikazi haihusiki. Hata wale wanazuoni wa Kihanbali wanaotazama alama ya makafiri juu ya kitu wasingeacha kumsikiliza muuzaji akisema kwamba ile ni mali ya mzee wake. Nenda ukamwambie. Akisema si yake wala haijui, hapo tangaza mwaka mmoja, ukihifadhi sifa zake: tambara, fundo na idadi. Usitaje yote hadharani, kwani sifa hizo ndizo zitakazomtambulisha mwenyewe. Mwaka ukipita, itumie, na akija baada ya hapo umlipe.

Vitu vidogo ambavyo mwenyewe havitafuti, kama kijiko kilichopinda, chupa au kitana, havina matangazo. Mtume (S.A.W) aliikuta tende njiani, na kilichomzuia kuila ni hofu kuwa imetokana na sadaka, si hofu ya kuwa ina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye vyungu na hirizi. Wako wanaoamini kuwa haya ni mambo ya bara, na kwamba Waislamu wa zamani wa pwani walisalimika nayo. Sivyo. Karibu na Malindi kuna magofu ya Gede, mji wa Waislamu uliokuwa na msikiti mkuu, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwingereza James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Majina ya wenye nyumba zile yamesahaulika kabisa, hata nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mtu aliswali, alifanya biashara, alioa na kuzaa, na kilichobaki kumtambulisha ni mkasi wake. Na miongoni mwa vilivyokutwa chini ya sakafu, karibu na milango, ni vyungu vya fingo, vilivyozikwa kwa itikadi ya kwamba jini atakaa humo alinde nyumba. Nyumba zikaanguka, na fingo limo.

Kwa hiyo ukikuta fingo au hirizi, kwanza usitetemeke. Kitu kile hakikuweza kumlinda aliyekizika, nacho hakimiliki madhara wala manufaa ila kwa idhini ya Allah. Mtume (S.A.W) amehesabu kuvaa hirizi kuwa ni katika ushirikina, na hilo linatosha kukujulisha kuwa haina heshima ya kuogopewa. Soma Suratul Falaq na Suratun Naas, ifungue na uiharibu. Ikiwa ndani yake mna karatasi yenye aya za Qur'an, usiitupe jalalani, ichome au uizike mahali safi, kama Uthman (R.A) alivyoamuru misahafu mingine ichomwe ili Waislamu wasihitilafiane katika usomaji wa Qur'an. Kengele, kamba, mifupa na pembe, vichomwe au vitupwe. Chungu chenyewe kikiwa kizima, kioshe, ni chungu.

La pili ni zito zaidi. Usiulize ni nani aliyekiweka. Labid bin al-A'sam alipomfanyia Mtume (S.A.W) sihiri kwa kitana na nywele ndani ya ganda la karara la mtende, ikatiwa katika kisima cha Dharwan, Allah alimjulisha Mtume wake mahali na jina la mtendaji. Mtume akaenda, akakiona, kisha akaamuru kisima kifukiwe. Alipoulizwa na Bibi Aisha (R.A) kwa nini hakulitangaza, alieleza kuwa Allah amemponya naye hakutaka kuwachochelea watu shari. Yeye alijulishwa kwa wahyi. Wewe unamjua mtendaji kwa nini? Kwa ndoto ya shangazi?

Nchi hii imeona bibi vizee wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na katika mikoa ya magharibi wapita njia wanaojiita kamchape au lambalamba hupita nyumba hadi nyumba wakifukua pembe na vibuyu na kutoza fedha, hali wenye akili wanajua kuwa aghalabu kilichofukuliwa kimeingia na mkono uleule uliokitoa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo katika vitabu vyetu, inamwadhibu hata anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Mke wa muuzaji ni mjane, ana wajukuu katika mtaa huohuo. Ukitoka na hirizi mkononi ukasimama barabarani kupiga kelele, huyo ndiye utakayekuwa umemuua, hata kama hukushika panga.

Kuhusu kaburi nitasema kwa ufupi, kwani hukumu yake iko wazi. Jamii nyingi za huku huzika nyumbani, na kaburi la udongo lisilo na jiwe husawazika kwa mvua chache. Muuzaji anayejua na akanyamaza amefanya ghushi, hana tofauti na yule muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu. Na mnunuzi anayo haki ya kurudisha kiwanja. Maiti hafukuliwi ila kwa dharura, awe Mwislamu au asiwe, na mfupa wa maiti una heshima ya mfupa wa aliye hai. Ukikuta mifupa, simamisha kazi, waite familia na serikali ya mtaa. Msiihamishe wenyewe usiku ili mafundi wasikose siku.

Ndugu zangu, si kila aliyeacha kitu alikiacha kwa hiari. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, Allah awape subira waliofiwa. Tope lile lilibeba kitanda cha huyu likakiweka katika uwanja wa yule. Aliyekuta cherehani katika shamba lake hakupewa na tope. Masheikh wetu walilijibu hili kabla halijatufika: katika Minhaj hiyohiyo imeelezwa kuwa mafuriko yakibeba mbegu za mtu hadi ardhi ya mwingine zikaota, mmea ni wa mwenye mbegu. Kama punje iliyoota ina mwenyewe, cherehani je? Na kama mwenyewe amefariki, warithi wapo, na katika warithi wamo mayatima.

Nimeziacha mwisho daftari za Kigujarati, kwa sababu hizo ndizo zinazonishughulisha. Aprili 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, hadi mwaka 1990 yalipoingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Wenyewe kwa sehemu kubwa walikuwa ndugu zetu wa asili ya Kihindi, na wengi walihama kwenda Uingereza na Kanada. Agosti 1972 Uganda ikatoa siku 90. Huko wengine walirudi miaka ya 1990 kudai nyumba zao, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 1982. Sitaki kuingia katika siasa za wakati ule. Wazee mnazijua kuliko mimi. Nazungumzia kilichobaki kabatini: picha za harusi, vyeti vya kuzaliwa, barua, sanamu za ibada zao, na daftari.

Picha na vyeti si mali ya kuuzwa, lakini ni amana. Sanamu hauiweki wala huiuzi, bali hukabidhiwa mtu wa jamii yao bila kuivunja mbele yao kwa kejeli. Ama daftari, mwanzoni utadhani ni karatasi za kufungia karanga. Mpelekee anayejua kuisoma, utayaona majina ya watu wa mji: fulani bin fulani, kanga doti moja, sukari, mafuta ya taa, shilingi 14. Hayo ni majina ya babu za watu waliokaa katika safu hizi.

Mtume (S.A.W) alisita kumswalia maiti mwenye deni mpaka mmoja wa Masahaba alipolibeba deni lile. Deni kwa asiyekuwa Mwislamu ni deni, na kuhama kwa anayedai hakulifuti. Zile shilingi 14 za mwaka 1968 si shilingi 14 za leo, na hapo wanazuoni wa zama zetu wana maneno marefu; lililo salama ni kusuluhishana kwa thamani. Atafutwe mwenye duka au mwanawe. Siku hizi mtu wa Babati aliyeko Leicester au Toronto hupatikana kwa simu mbili, maana jamii zile hujuana. Akisamehe, amesamehe. Asipopatikana baada ya juhudi ya kweli, tufanye alivyofanya Ibn Mas'ud (R.A), alipomnunua mjakazi na muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa: alimtafuta mwaka mzima, kisha akaitoa ile thamani kwa masikini kwa niaba ya mwenyewe, akiweka sharti kuwa akirudi naye asiridhie, basi thawabu ziwe za Ibn Mas'ud na deni libaki shingoni mwake.

Aliye na daftari za namna hiyo asizichome. Azilete baada ya swala ya Ijumaa, tutafute msomaji, na majina tutayasoma kwa wahusika faraghani, familia moja moja, si kwa kipaza sauti.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.